Tulivyouficha Msitu

Mama yangu ni mwongo hodari, na nasema hivyo kwa heshima zote. Hadanganyi ili ajipatie kitu. Hudanganya pale tu mgeni anapomuuliza ana nini. Ukimkuta na kuku thelathini uani atakwambia anao wawili watatu, tena wagonjwa. Mtama ukimjaa ghalani atasema mwaka huu Mungu hakutuangalia. Nimekua nikiusikia uongo huo, ndiyo maana siku aliposema mkubwa kuliko wote, mimi mwenyewe nikiwa nimeshika kalamu, sikushtuka hata kidogo. Niliuandika.

Nina duka dogo la steshenari pale Utemini, mjini Singida. Natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za pasipoti. Siku moja aliingia dada mmoja mrefu mwenye miwani na begi la mgongoni, akataka kopi za dodoso lake. Mashine yangu ina tabia ya kumeza karatasi, kwa hiyo ilibidi asubiri, na mimi nikapata nafasi ya kusoma ukurasa wa kwanza. Wapo watu wasiosoma karatasi za wateja wao. Mimi si mmoja wao. Nikaona jina la kijiji chetu! Kijiji chetu, mbele ya Mtinko, ambako mama yangu bado analima na kufuga, kimechapwa kwa herufi nzito kama cha maana sana.

Yule dada alikuwa mtafiti wa chuo. Alitaka kujua wanakijiji wanaufahamu vipi msitu wa hifadhi ulio nyuma ya mashamba yetu: wanyama gani wapo, ndege gani, miti gani, na kipi kimepungua au kimetoweka. Akanieleza kwamba wazee wengi hujieleza vizuri zaidi kwa Kinyaturu, na yeye hajui hata kusalimia, kwa hiyo anatafuta mtu wa kumtafsiria. Hakumaliza sentensi.

"Mimi," nikamwambia. "Nafunga duka kesho."

Nilikuwa na furaha ya kitoto. Miaka yote nimekuwa nikichapa habari za watu wengine, mirathi yao, harusi zao, malalamiko yao ya viwanja. Sasa nakwenda kuchapa ya kwetu.

Tulianzia nyumbani kwa mama. Tulimkuta ameketi kwenye turubai anapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo, mbegu zikiruka mpaka kwenye nywele zake. Mtafiti akapiga goti, akasema shikamoo mama, na mama akaitikia marahaba kwa sauti ya kuridhika kabisa. Chai ikaletwa. Kisha mtafiti akatoa kadi zake za picha, moja moja, na kumwonyesha.

Kadi ya kwanza ilikuwa kanga.

"Hamna," mama akasema. "Wamekwisha."

Na wakati ule ule, naapa, upande wa msituni kanga wakaanza kupiga kelele zao, zile za mlango wenye bawaba kavu. Mtafiti hakuijua sauti hiyo. Mama aliijua, akaanza kuzungumza kwa nguvu zaidi ili aifunike. Nikang'ata mdomo na kutazama chini.

Kadi ya pili ilikuwa nyani. "Hao walikuwepo zamani, enzi za baba yangu." Mtafiti akatazama makopo yaliyoning'inizwa kwa kamba kuzunguka shamba la mahindi, akauliza ni ya nini. "Ya ndege," mama akajibu bila kupepesa. Asubuhi yake alikuwa amenisimulia kwa simu robo saa nzima jinsi dume moja la nyani lilivyoketi kwenye kichuguu na kumlia mahindi huku linamtazama usoni. Digidigi? Hamna. Nungunungu? Hata mwiba wake hajauona siku nyingi. Tandala? Mama akacheka kwa huruma, kana kwamba ameulizwa habari za marehemu.

Kwa jirani yetu, mzee mmoja mchungaji wa ng'ombe ambaye yeye na mama hawajawahi kukubaliana juu ya jambo lolote, majibu yalikuwa yale yale, ila yeye aliyapamba. "Msitu ule," akasema, akitikisa kichwa, "umebaki miti na upepo." Nyumba kwa nyumba, siku nne, wimbo ulikuwa huo.

Ili mtu wa mbali aelewe, kwetu mali haihesabiwi mbele ya mgeni. Muulize mfugaji ana ng'ombe wangapi, atakujibu anao wachache tu wa maziwa ya watoto, na huku nusu ya kundi lake iko kwa shemeji yake vijiji viwili mbele. Kutaja idadi ni kumwita fisi, ugonjwa na mtoza ushuru kwa pamoja. Na msitu ule, ingawa una kibao cha hifadhi na miti ya mpakani imepakwa rangi, wazee wanauona ni zizi la babu zao. Alipouliza mgeni mna nini humo ndani, kwao lilikuwa swali lile lile la ng'ombe. Tena ilikuwapo hofu nyingine, ya siku hizi: ukisema wanyama wapo tele, mpaka wa hifadhi utakufuata hadi jikoni, au utaulizwa ulikuwa unafanya nini huko ulikowaona.

Yote hayo niliyajua. Ningefanyaje? Nimwambie mgeni kwamba mama yangu anadanganya, na mama mwenyewe ameketi pale anamimina chai? Mtoto hamuumbui mzazi mbele za watu, hata mtoto huyo akiwa na mvi zake mbili tatu. Kwa hiyo kwenye kila dodoso, kwa mwandiko wangu mzuri ninaojivunia, niliandika: hawapo, hawapo, hawapo. Tena nilichekelea. Niliona tumemshinda mtu wa chuo.

Miezi ikapita. Siku moja mtafiti akanipigia simu kwamba anarudi kijijini kwa mkutano wa mrejesho, yaani kuwasomea watu walichosema kabla ripoti haijapelekwa kwa wakubwa. Nikafunga duka tena. Watu walijaa ghala la mazao la kijiji hadi mlangoni, na mimi nikasimama mbele, pembeni yake, nimevaa gauni langu la harusi za watu.

Akaanza kusoma. Kanga, wametoweka. Nikatafsiri. Digidigi, wametoweka. Pimbi, nungunungu, tandala, wote wametoweka. Mngeona nyuso za wazee wetu! Walikuwa wanagusana viwiko. Yule jirani mchungaji alifunika mdomo kwa kofia yake, mabega yakimtikisika. Mama alijifunga upya kitenge chake kifuani kama mtu aliyeshinda kesi. Mimi mbavu zilikuwa zinaniuma kwa kicheko nilichokizuia.

Kisha akafika ukurasa wa mwisho. Akasoma kwamba, kwa kuwa msitu umepoteza uhai uliosababisha utengwe, inapendekezwa upande wa mashariki, kuanzia kwenye mawe makubwa hadi korongoni, uondolewe kwenye hifadhi na kufunguliwa kwa kilimo cha alizeti. Mdomo wangu ulikuwa umeshazoea kutafsiri, ukatangulia. Nilifika kwenye neno "alizeti" ndipo nikaelewa ninachokisema.

Mtu mmoja nyuma alipiga makofi, maana wenye njaa ya mashamba hawakosekani. Akajikuta peke yake, akayaacha.

"Mashariki?" jirani yetu akauliza, kofia imeshuka. "Mashariki kwenye chemchemi?"

Mashariki kwenye chemchemi, ndiyo. Ile inayonywesha ng'ombe wa kijiji kizima kuanzia Agosti mpaka mvua inaponyesha. Kila aliyekuwa mle ghalani alijua kitatokea nini kwenye chemchemi ile miti ikishang'olewa, kwa sababu kijiji cha pili walishafanya hivyo na sasa wanachota maji kwetu. Watu wakaanza kuongea wote kwa wakati mmoja. Mama alinitazama mimi.

Nyumbani moto uliwaka.

"Wewe ulijua nadanganya."

"Nilijua, mama."

"Na ukaandika!"

"Ningekuumbuaje mbele ya mgeni?"

"Ungesubiri mtoke nje! Kutoka hapa hadi Mtinko ni njia ndefu, ulikuwa umeshonwa mdomo? Nimekusomesha ili uandike kila upuuzi unaousikia?"

Mimi sina subira, nimeirithi kwake. Nikamwambia kwa sauti iliyowafanya kuku watawanyike kwamba na yeye angeweza kusema kweli mara moja tu maishani, na kwamba mficha uchi hazai, na wao wameuficha msitu mpaka sasa wanakwenda kuupoteza. Baada ya kusema hivyo nikaogopa. Mama akaokota kandambili zake, akavaa moja, akatafuta nyingine.

"Yuko wapi huyo mtaalamu wako?"

Alikuwa amefikia nyumbani kwa mwalimu wa shule ya kijiji. Tulimkuta anafunga begi. Jirani yetu mchungaji alikuwa ameshatangulia na amesimama mlangoni hajui aanze vipi, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilimwona mama akimpisha kwa adabu, kisha, alipoona hasemi, akamsogeza na kuingia yeye.

"Mtaalamu," mama akasema, "sisi ni waongo."

Nilitafsiri kwa raha isiyo kifani, ingawa aliisema kwa Kiswahili safi na hapakuwa na haja. Mtafiti akavua miwani, akaifuta.

"Nani? Nyinyi wawili?"

"Kijiji."

Akakaa kitandani. Nikamweleza yote, ng'ombe wa kwa shemeji, makopo ya mama, kanga waliopiga kelele mbele yake. Nilidhani atalia. Alicheka! Alicheka mpaka akashika ubavu, kisha ghafla akaacha, akasema jambo lililotukausha. Hawezi kubadili ripoti kwa maneno. Kwenye dodoso tumesema hamna, leo tumesikia habari ya mashamba tunasema wapo, nani atatuamini? Ataandika atakachokiona kwa macho yake. Na ripoti inatakiwa Jumatatu.

Tulikuwa Alhamisi.

"Basi tuanze," akasema, akafungua daftari. "Kanga wako wangapi?"

Mama akabana midomo. Jirani akatazama dari.

"Hata sasa!" nikapayuka. "Hata sasa hamsemi?"

Jirani yetu ndiye aliyetuokoa. Alisema taratibu, akichora kwa fimbo kwenye sakafu ya mwalimu. Mchungaji, akasema, hahesabu. Jioni ng'ombe wakirudi anasimama kwenye mlango wa zizi. Hajui kama ni arobaini au sitini. Anawatazama wakipita, huyu mwenye pembe iliyopinda, huyu mwenye doa, yule na ndama wake, na mwishoni moyo wake unamwambia nani hayupo. Hapo ndipo anachukua tochi na kwenda kutafuta. "Usituulize wapo wangapi," akasema. "Utuulize nani hajarudi. Hilo tutakujibu."

Mtafiti aliniomba nirudie mara mbili. Aliandika, akapigia mstari.

Siku tatu zilizofuata sitazisahau. Tuliingia msituni Ijumaa umande haujakauka, mama mbele na panga dogo la kuni, jirani nyuma yake akimkosoa kila anapokata kona, mtafiti na kamera, na mimi nyuma kabisa na viatu vyangu vya mjini. Ndani ya saa moja soli moja ilikuwa imebaki kwenye tope la chemchemi. Sikujali. Nilikwenda pekupeku!

Kwanza tulikuta miiba ya nungunungu imetawanyika chini ya mti wa mtundu. Mtafiti akapiga picha. Mbele kidogo kulikuwa na shimo la mhanga, yule mnyama mla mchwa, mchanga wake bado mbichi, na jirani akasimama juu yake ameweka mkono kiunoni.

"Huyu ni wangu," akasema. "Anachimba hapa kila mwaka. Kichuguu kile alikianza kabla ya Krismasi."

"Wako tangu lini?" mama akamjia juu. "Huyo analala upande wa shamba langu."

Na hapo mambo yakafunguka. Watu waliokuwa wamekana kwa miezi sasa walianza kujigamba. Habari ilifika kijijini kabla yetu, na jioni tuliporudi tulikuta foleni kwa mwalimu. Mama mmoja alileta mavi ya pimbi ndani ya kitenge, amefunga kama zawadi ya mtoto mchanga. Mwingine alileta manyoya ya kanga, mengine ya kwale, na gamba la nyoka lililochunika zima zima, likawakimbiza watu hadi uani. Kila mtu alikuwa na mnyama wake, anamtaja kwa alama: ngedere mwenye mkia uliokatika, fisi jike anayechechemea, digidigi dume na mkewe wanaolala kwenye jiwe lenye ufa. Hakuna aliyetaja idadi. Mtafiti alikuwa anaandika majina ya utani kama anasajili wanafunzi.

Njiani nilimfundisha lugha ya wazee, maana nilikwishaona kosa langu la kwanza na sikutaka kulirudia. "Dada," nikamwambia, "mzee akisema hamna, jua wapo. Akisema wawili, ni kundi. Akisema wagonjwa, wamenona." Alicheka, akaikariri, na kila mara alipoitumia alinikonyeza.

Jumamosi alfajiri ndipo tulipomwona tandala. Tulikuwa tumejibanza kwenye mawe makubwa, yale ya mashariki ambayo yangekuwa shamba, jua linaanza tu kugusa vilele. Mama akanishika mkono, akaubana mpaka ukauma. Chini yetu, kama hatua hamsini, dume lilitoka kwenye kichaka, pembe zake zimejizungusha, mistari myeupe ubavuni, likasimama. Likatutazama. Nyuma yake yakatoka majike. Mtafiti alisahau kupiga picha! Jirani akamkumbusha kwa kumchoma fimbo mgongoni, na kamera ilipolia, wote waliruka kwa pamoja na kupotea, na sisi tukabaki tumekumbatiana, mama na jirani pia, kisha wakaachana haraka na kila mmoja akajipangusa.

"Nilikuwa sijamwona tangu mwaka juzi," mama akasema, machozi yanamtoka bila haya. "Nilianza kuogopa kwamba sidanganyi."

Jumapili mchana, baada ya ibada, tulikutana tena ghalani. Waislamu kwa Wakristo, wenye ng'ombe na wasio nao, hata yule wa makofi alikuja. Nje wanawake walikuwa wamebandika masufuria ya kuku na ugali wa mtama, maana waliona jambo hili linastahili chakula. Mtafiti akatoa kadi zake zile zile. Safari hii hakuuliza kama wapo. Aliinua kadi juu na kuuliza, nani hajarudi?

Kanga wamerudi, watu wakajibu. Pimbi wamerudi. Nyani, kelele tupu, wamerudi na mahindi yetu. Tandala! Ghala lote likavuma, jirani akasimama akaonyesha pembe kwa mikono yake. Kila kadi iliyotoka ilikuwa na shahidi wake, manyoya au picha au mwiba mezani. Faru hakurudi, wakasema, wala simba, hao waliondoka enzi za babu, na mtafiti alikwishalijua hilo kwenye vitabu vyake, akaandika. Mninga mnene wa kukumbatiwa na watu wawili, wakasema baada ya kutazamana, huo pia hauonekani sana, na wengine wakakumbuka milango ya nyumba zao, iliyotokana na mti huo, wakawa wapole kidogo. Lakini furaha haikupungua. Alipomaliza kuandika ushahidi wote wa mezani, mtafiti akafungua ripoti ukurasa wa mwisho, akaiinua ili watu waone, akachora mstari mnene juu ya yale maneno ya upande wa mashariki. Akasema ripoti atakayoipeleka haina maneno hayo.

Vigelegele! Mama alianza, wanawake wakapokea, masufuria nje yakapigwa miiko. Mimi nilirukaruka na miguu yangu iliyojaa miiba. Nilijiona mwandishi mkubwa kuliko wote wa mkoa wa Singida, kwa sababu nilikuwa nimeharibu na nimetengeneza.

Watu walikuwa wanainuka kwenda kula mtafiti aliposema subirini, imebaki kadi moja, ilikuwa imegandana na ya chini. Akaiinua. Ilikuwa picha ya ndege mkubwa mweusi anayetembea ardhini, mrefu kupita magoti ya mtu, ngozi nyekundu imening'inia shingoni. Mumbi. Nilikuwa sijamfikiria miaka mingi. Huyo hulia alfajiri, sauti nzito inayotoka chini kifuani, inasikika hadi vijiji vya jirani, na kwetu akilia mfululizo watu walikuwa wanatoa majembe, wanasema mvua iko njiani.

"Na huyu?" mtafiti akauliza.

Waliokuwa wamesimama walikaa.

"Hamna," mama akasema.

Mtafiti akatabasamu. Akanikonyeza, akaweka alama ya vema. "Bibi," akasema kwa upendo kabisa, maana walikwishazoeana, "na huyu naye mmemficha kwa shemeji?"

Alingoja kicheko. Nami niliinua mkono kumzuia, lakini mama alikuwa ameshasimama.

"Huyo kweli hatuna," akasema. "Futa."

Mtafiti akatazama wazee. Jirani yetu mchungaji, ambaye kwa siku tatu alikuwa na mnyama wa kila aina, alitikisa kichwa. Aliyekuwa karibu naye akasema hatuna. Na aliyefuata. Wakaanza kuulizana kwa Kinyaturu, kwa sauti ya chini, wewe ulimsikia lini. Mmoja akasema ni mwaka ule wa njaa, mwingine akasema ni kabla, wa tatu akasema yeye alidhani bado wanalia, ila masikio yake ndiyo yamezeeka. Waliojua kila asiyerudi zizini hawakujua huyu aliondoka lini.

"Mimi najua," mama akasema. Hakumtazama mtafiti, alinitazama mimi. "Ulikuwa umekuja nyumbani kujifungua. Uchungu ulikushika siku mbili, mtoto akatoka, ukapata usingizi alfajiri ya siku ya tatu. Ndipo akaja, akatua nyuma ya zizi, akaanza kulia. Nikaona atakuamsha. Nikatoka nikamfukuza kwa bua la mtama. Akaenda zake. Sikumsikia tena mpaka leo."

Akakaa, akavuta kitenge magotini.

"Sikujua ni wa mwisho," akasema. "Ningejua ningekuamsha, wewe na mtoto, mkamsikia."

Mtafiti akafuta alama yake. Akauliza ulikuwa mwaka gani, lakini mama hana habari na miaka. Nikautaja mimi. Ndio mwaka ulioandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa cha binti yangu.